Kufunga Nzi Bandia Asiyefumuka: Mwongozo Kamili kwa Mvuvi Anayeanzia Nyumbani

Malalamiko ya wanaoanza kufunga nzi bandia, yaani chambo cha manyoya na uzi kinachofungwa juu ya ndoana, yanafanana mno. Nzi anapendeza akiwa mezani, lakini akirushwa majini mara tano sita mkia unageuka upande, unyoya unalegea na uzi wa kichwani unaanza kufumuka. Au mvuvi anafika ukingoni, anataka kupitisha mshipi, anakuta tundu la ndoana limeziba kwa uzi na gundi.

Wengi hulaumu manyoya au vifaa. Karibu kila mara kosa liko kwingine: uzi haukukazwa, na nafasi ya kichwa haikuachwa. Mambo hayo mawili ndiyo nitakayoyarudia humu mpaka mwisho.

Tutafunga nzi mmoja tu, Woolly Bugger. Ni mkubwa, kwa hiyo unaona unachofanya. Anahitaji vitu vichache. Na mbinu zake zote, yaani kufunga mkia, kujenga mwili, kuzungusha unyoya na kumalizia kichwa, utazikuta tena kwa nzi wengine. Majini anafanana na ruba, samaki mdogo au lava ya kereng'ende, ndiyo maana trauti na samaki wengine wawindaji humfuata.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kukaa

Vifaa vya kazi:

- Jiliwa ya kubania ndoana, ambayo mafundi wengi huiita vaisi. Sifa moja tu ni ya lazima: ndoana isicheze ukiivuta.
- Kishikio cha uzi chenye mrija. Pitisha uzi na usikilize kwa vidole; kama mrija una ukali mdomoni, utakukatia uzi kila dakika.
- Mkasi mdogo wenye ncha kali, na mkasi wa pili wa zamani kwa ajili ya waya. Usikate waya kwa mkasi mzuri.
- Koleo ndogo bapa.
- Kibano chepesi cha kushikia ncha ya unyoya.
- Sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha mti.
- Mrija mtupu wa kalamu ya wino, wenye ncha nyembamba.
- Taa inayomulika kutoka juu au pembeni, na karatasi nyeupe nyuma ya jiliwa ili ndoana ionekane.

Vya kufungia:

- Ndoana namba 8 au 10 yenye shina refu, aina yenye alama ya 2XL au 3XL. Namba hizi huenda kinyume: 8 ni kubwa kuliko 10.
- Uzi wa kufungia nzi wa denia 140, mweusi. Denia 140 maana yake mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 140. Uzi wa pamba wa kushonea nguo ni mnene, hujaza kichwa kabla hujamaliza kazi.
- Manyoya laini yanayouzwa kwa jina la marabu. Siku hizi hutokana na bata mzinga.
- Shenili, yaani uzi mnene laini wenye manyoya, nyeusi au ya kijani cha zeituni, unene wa kati. Ukikosa, uzi wa sufu wa kufumia unatosha.
- Manyoya marefu ya mgongoni mwa jogoo, upande wa kiunoni.
- Waya mwembamba wa shaba.
- Vanishi ya kichwa, au rangi ya kucha isiyo na rangi.

Ukiokota manyoya ya kuku au bata mzinga badala ya kununua, yaoshe kwa sabuni, yakaushe, kisha yafunge kwenye mfuko na kuyagandisha kwenye friza kwa siku kadhaa. Yatoe yapate joto la kawaida, uyagandishe tena. Nondo na utitiri wakiingia kwenye sanduku lako wanakula kila kitu. Manyoya ya ndege wa porini yaache; nchi nyingi zinawalinda kwa sheria, hata kama unyoya umeuokota chini.

## Maneno sita ya ndoana

Tundu ni pale mshipi unapofungwa. Shina ni sehemu iliyonyooka. Pindo ni pale shina linapoanza kukunja. Ncha inajulikana. Kijino ni kile kidogo kilichoinuka karibu na ncha, kinachomzuia samaki kuchomoka. Nikisema uwazi, namaanisha nafasi kati ya ncha na shina.

Maelekezo yote ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia, tundu la ndoana likielekea kulia. Wa kushoto ageuze kila kitu.

## Hatua ya 1: Bonyeza kijino, kisha bana ndoana

Weka kijino kati ya midomo ya koleo na ukibonyeze mpaka kilale. Samaki atatolewa kwa urahisi, na siku ndoana itakapoingia kidoleni mwako utashukuru.

Fanya hivyo sasa, si baada ya kumaliza nzi. Baadhi ya ndoana huvunjika zikibonyezwa, na ni afadhali upoteze ndoana tupu kuliko kazi ya nusu saa. Vaa miwani, maana kipande kinachoruka hakichagui pa kwenda.

Bana ndoana kwenye pindo, shina likiwa limelala sawasawa. Ncha ibaki nje ya midomo ya jiliwa. Ukiificha ndani unaweza kuiharibu. Ubaya wake ni kwamba ncha iliyo wazi hukata uzi, kwa hiyo jizoeze kuipita kwa mbali.

Umefaulu ikiwa: unaisukuma ndoana chini kwa kidole, shina linanesa kidogo kisha linarudi bila kuteleza.

## Hatua ya 2: Ujue uzi wako

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowaponza.

Shika mwanzo wa uzi kwa mkono wa kushoto, uulaze juu ya shina. Zungusha kishikio kwa mkono wa kulia: uzi upande juu, uende mbali nawe, ushuke nyuma, urudi kwako kwa chini. Zungusha mara tano kuelekea tundu, kisha mara tano kurudi juu ya zile za kwanza. Uzi umejibana wenyewe. Kata kile kipande cha mwanzo.

Sasa vuta kishikio kuelekea chini, polepole, ukiongeza nguvu mpaka uzi ukatike. Fanya hivyo tena, na tena. Angalia shina linavyonesa kabla uzi haujakatika. Nguvu unayoitaka kwa kazi yote ni ile iliyo chini kidogo tu ya hapo. Anayeogopa kukata uzi hufunga kwa ulegevu, na nzi wake hufumuka.

Jambo la pili: uzi hujisokota kadiri unavyouzungusha. Ukisokotwa sana unakuwa mgumu na wa duara, unajenga vinundu. Kila baada ya muda kiache kishikio kining'inie. Kitajizungusha chenyewe mpaka uzi ulale bapa. Uzi bapa unashika eneo kubwa zaidi na haujazi kichwa.

Baada ya mazoezi, anza upya kwa dhati. Usianzie kwenye tundu. Pima nafasi sawa na urefu wa tundu mara mbili, anzia hapo, kisha funika shina lote kwa mizunguko inayogusana mpaka usawa wa pale kijino kilipokuwa. Ule upande wa mbele ubaki chuma kitupu. Huo ndio mpaka wako, na hakuna kitu kitakachouvuka mpaka Hatua ya 7.

Umefaulu ikiwa: uzi umelala kama ngozi nyembamba, na ukisukuma mizunguko kwa ukucha haitelezi. Chuma kikiteleza chini ya uzi, kila utakachokifunga juu yake kitazunguka.

## Hatua ya 3: Uzito, ukitaka azame haraka

Zungusha waya wa kuongezea uzito, wenye unene wa nusu milimita hivi, mara kumi katikati ya shina. Acha nafasi nyuma kwa ajili ya mkia na usiukaribie mpaka wa mbele. Jenga mteremko wa uzi pande zote mbili za waya, kisha pitisha uzi juu yake huku na huku.

Chagua waya usio na risasi. Risasi ni sumu kwa ndege wa majini, na baadhi ya nchi zimeweka sheria dhidi ya vizito vya risasi katika uvuvi.

Kwa nzi wako wa kwanza, mimi ningeruka hatua hii kabisa.

## Hatua ya 4: Mkia

Chagua unyoya wa marabu wenye ncha zinazojaa, si zile zilizobaki uti mtupu. Lowesha vidole, ukamate unyoya na uupangusie maji kidogo. Ukilowa unanywea, na hapo unaona ukubwa wake halisi majini. Unyoya mkavu hudanganya: huonekana mwingi, kisha majini unabaki ujiti.

Urefu wa mkia uwe sawa na urefu wa shina. Ukizidi hapo, samaki huuma mkia na kuachia bila kuifikia ndoana, na marabu hujiviringisha kwenye pindo kila unaporusha.

Sasa sehemu ngumu. Ukiweka kitu juu ya shina na kuzungusha uzi kawaida, uzi unakisukuma mpaka upande wa pili. Dawa yake ni kubana kwa vidole:

Shika marabu juu ya shina kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, ubane manyoya pamoja na shina lenyewe. Pandisha uzi upite *katikati* ya vidole hivyo, ushuke upande wa pili, nao pia ndani ya vidole. Uwe umelegea, kitanzi kidogo tu juu. Kisha, bila kuachia vidole, vuta kishikio moja kwa moja kuelekea chini. Kitanzi kinashuka na kukandamiza manyoya mahali pale pale ulipoyaweka. Rudia mara mbili kabla ya kufungua vidole.

Usikate mabaki hapo hapo. Yalaze juu ya shina mpaka karibu na mpaka wa mbele, uyafunge kwa mizunguko mpaka yaishe, ndipo ukate. Ukikata karibu na mkia unapata kinundu, na mwili utakaojengwa juu yake utakuwa na shimo mbele.

Umefaulu ikiwa: unashika mkia wote na kuuvuta kwa nguvu kiasi, hautoki wala hauzunguki. Ukizunguka, fungua urudie. Hakuna kitu mbele kitakachouponya.

## Hatua ya 5: Waya wa shaba na shenili

Kata waya kama sentimita 12. Ulaze kando ya shina, ufunge kutoka karibu na mpaka hadi kwenye mkia, ncha ndefu ikining'inia nyuma. Uache hapo mpaka Hatua ya 6.

Chukua shenili, ung'oe manyoya ya mwanzo kwa kucha mpaka uone nyuzi mbili nyembamba za ndani. Funga kwa nyuzi hizo tu, pale pale mkia ulipoanzia. Ukifunga shenili nzima na manyoya yake, unajenga uvimbe nyuma ya nzi.

Peleka uzi mbele mpaka kwenye mpaka. Zungusha shenili kuelekea mbele, kila mzunguko ukigusa uliopita, na usimame *kabla* ya mpaka, ukiacha upana wa mzunguko mmoja wa shenili. Utashawishika kuongeza mmoja. Usiongeze. Shenili huvimba kidogo ukiiachia, na mzunguko huo mmoja ndio unaokula kichwa.

Funga shenili kwa mizunguko minne iliyokazwa, kata karibu kabisa.

Umefaulu ikiwa: mwili ni mviringo sawasawa, na mbele yake unaona kiuzi kidogo kisha chuma kitupu.

## Hatua ya 6: Unyoya wa jogoo

Chagua unyoya ambao nyuzinyuzi zake, zikisimama, zina urefu wa mara moja na nusu ya uwazi wa ndoana. Ng'oa manyoya ya chini yaliyo kama pamba mpaka ufikie yaliyonyooka.

Waelekezi wengi hufunga unyoya huu nyuma na kuuzungusha kuja mbele. Napendelea kinyume chake, na sababu ni meno. Uti wa unyoya ni mwembamba. Samaki wawili watatu wakiuma unakatika, na ukikatika mahali pamoja unafunguka wote. Ukiuzungusha kurudi nyuma, kisha ukaupitishia waya kuja mbele, waya unapishana nao kila mahali na kuushikilia hata kama umekatika.

Funga uti kwa mwisho wake mnene pale mbele, baada ya shenili, upande unaong'aa ukikutazama wakati ncha inaelekea juu. Acha kipande kidogo cha uti mtupu kati ya uzi na nyuzinyuzi za kwanza, la sivyo mzunguko wa kwanza utasimama ovyo.

Kamata ncha kwa kibano. Zungusha mara mbili mahali pamoja, nyuma tu ya kichwa, halafu rudi nyuma kwa mizunguko mipana mitano au sita mpaka kwenye mkia. Nyuzinyuzi zinapaswa kuinama kuelekea nyuma. Zikiinama mbele, umefunga upande wa ndani nje, fungua ugeuze.

Shikilia ncha ya unyoya kwa mkono mmoja. Kwa mwingine chukua waya uliokuwa ukisubiri, uzungushe mara moja juu ya ncha hiyo kuibana, kisha uje mbele kwa mizunguko mipana. Zungusha waya *upande ule ule* ulikozungusha unyoya. Kwa kuwa unyoya ulikwenda nyuma na waya unakuja mbele, vitapishana vyenyewe. Ukigeuza upande, waya utalala sambamba na unyoya na hautashika kitu.

Yumbisha waya kushoto na kulia unapopita, ili uzame kati ya nyuzinyuzi bila kuzilaza. Ukifika mbele, ufunge kwa uzi mizunguko mitano, kisha usiukate: upinde huku na huku mpaka ukatike wenyewe. Hapo unakatikia usawa wa uzi na hauachi kijiti chenye makali. Kata ncha ya unyoya iliyobaki nyuma.

Umefaulu ikiwa: unapitisha kidole kutoka tundu kwenda mkiani na kurudi, nyuzinyuzi zinalala na kusimama tena, na uti hausogei.

## Hatua ya 7: Kichwa na fundo

Sasa unaruhusiwa kuingia kwenye ile nafasi ya mbele. Vuta nyuzinyuzi zote nyuma kwa vidole vya kushoto, funika mabaki kwa uzi na ujenge kichwa kidogo chenye mteremko kuelekea tundu. Mizunguko kumi na zaidi kidogo inatosha. Uzi ukianza kuteremka juu ya tundu, rudi nyuma mzunguko mmoja.

Fundo rahisi zaidi linatumia mrija wa kalamu. Weka ncha ya mrija juu ya uzi karibu na ndoana, zungusha uzi mara moja kwenye mrija mpaka upite juu yake wenyewe. Ingiza tundu la ndoana ndani ya ncha ya mrija. Vuta kishikio polepole: kitanzi kinateleza kutoka kwenye mrija na kukaa kichwani. Kaza. Ikiwa kitanzi kimefunguka badala ya kubana, ulizungusha upande usiofaa. Jaribu upande mwingine. Weka vitanzi vinne, kila kimoja ukikikaza kabla ya kinachofuata.

Fundo lililo imara zaidi ni la kuviringisha: uzi unatengeneza kitanzi kikubwa, upande mmoja wa kitanzi unaviringishwa kichwani mara tano au sita juu ya uzi wenyewe, kisha kitanzi kinavutwa mpaka kiishe. Hakuna fundo linaloonekana, uzi umezikwa chini ya uzi. Kipo kifaa kidogo cha waya kinachouzwa kwa kazi hii, nacho kinafaa ukinunue mapema. Kizoee kwenye ndoana tupu, si kwenye nzi uliyekaribia kumaliza.

Kaza, kisha kata uzi karibu kabisa. Sukuma nyuzinyuzi nyuma kabla ya kukata, maana mkasi hukata kilicho karibu.

## Hatua ya 8: Gundi

Chovya ncha ya sindano kwenye vanishi. Gusa kichwa kwa tone dogo, uliache lizame, kisha uongeze la pili. Usipake kwa brashi ya chupa. Brashi inaloanisha nyuzinyuzi na kuzigandisha.

Kabla haijakauka, pitisha ncha ya unyoya wa zamani kwenye tundu la ndoana, kuingia na kutoka. Gundi iliyokauka ndani ya tundu huziba njia ya mshipi. Wacha nzi akauke usiku mzima.

Gundi ni ulinzi wa uzi dhidi ya mikwaruzo tu. Haimwokoi nzi aliyelegea.

## Mtihani kabla ya kwenda majini

Vuta mkia. Shika mwili wote na ujaribu kuuzungusha kwenye shina. Pitisha mshipi wa unene unaoutumia kwenye tundu. Kisha mfunge kwenye kipande cha mshipi na umchezeshe ndani ya bakuli la maji, ukivuta na kuacha. Mkia unapaswa kufunguka unapoacha na kujikunja unapovuta. Akilalia ubavu, mkia umefungwa upande mmoja.

## Ukikwama, angalia hapa

Uzi unakatika kila wakati. Chunguza mrija wa kishikio kabla ya kulaumu mkono. Kama ni laini, angalia kama uzi unagusa ncha ya ndoana unapopita chini.

Mwili unazunguka kwenye shina. Msingi wa uzi ulikuwa mlegevu au ulikuwa na mapengo. Huwezi kurekebisha kwa juu; kata kila kitu kwa wembe, okoa ndoana, anza tena.

Kichwa kimekuwa kikubwa kama punje ya mahindi. Ulivuka mpaka kwenye shenili. Nzi anayefuata, simamisha shenili mzunguko mmoja mapema zaidi.

Unyoya unakatika ukiuzungusha. Unyoya mkavu sana huvunjika. Uweke juu ya mvuke wa maji ya moto kwa muda mfupi, na ukamate ncha kwa kibano mbali kidogo na mwisho wake.

Funga nzi huyu huyu, rangi hii hii, ukubwa huu huu, mpaka watano waliopangwa kwenye meza wafanane. Hapo ndipo ubadili rangi, au ushuke hadi ndoana namba 12, ambako kila kosa la nafasi huonekana mara mbili. Na ukitoka majini, usimrudishe nzi aliyelowa kwenye kisanduku kilichofungwa: mwache akauke kwanza kwenye hewa, maana kutu huanzia chini ya uzi, mahali usipoweza kuiona.